Karani wa dharura aliyekuwa haambiwi nani amepona

Saa tatu asubuhi, ukungu bado umeukalia mji wa Makambako. Malori yanayotoka upande wa Mbeya yanapita na taa zikiwaka. Nyuma ya maghala ya mahindi, ndani ya chumba chenye dirisha moja, Lukresia Haule anavaa visikilizio, anafunga vifungo vya koti hadi shingoni, kisha anabonyeza kitufe.

"Dharura, nakusikiliza. Uko wapi?"

Hasalimii. Haulizi jina. Huku nyanda za juu mtu asiyesalimia huonekana hakulelewa, na Lukresia mwenyewe anasema wiki za mwanzo za kazi hii alikuwa akijisikia vibaya kila akifungua mdomo. Lakini simu yaweza kukatika wakati wowote, na mtu unayejua alipo utamtumia gari hata akinyamaza.

Aliyepiga ni baba mmoja wa Lyamkena. Mtoto wake amemwagikiwa na uji wa moto mkononi. Maneno ya baba yanatoka yakisukumana. Kadiri anavyopandisha sauti, Lukresia anaishusha ya kwake. Anamwambia aweke mkono wa mtoto chini ya bomba, maji yatiririke taratibu, asimame naye hapo hapo. Anamkataza kupaka dawa ya meno. Anamkataza tena, kwa sababu nyuma anamsikia mwanamke akisema inaletwa.

Wakati huo huo yuko kwenye simu ya pili na dereva, anampa mtaa, rangi ya geti na jina la duka la jirani.

Hatimaye baba anasema, "Gari hili hapa," na laini inakatika.

"Ndivyo zinavyoisha zote," anasema Lukresia. "Katikati. Lakini ya huyu mtoto nitaujua mwisho wake Jumatano."

Mwaka jana asingeweza kusema hivyo.

Lukresia ana umri wa miaka thelathini na minane. Kwao ni Ludewa, kwenye milima ya Wapangwa, nyumba ya Wakatoliki ambako kila mtoto alijua kulima ngano kabla ya kujua kusoma. Alikuja Makambako akiwa msichana, akapata kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni karibu na stendi. Kwa miaka tisa alikaa nyuma ya kidirisha kidogo chenye nondo, akiwapokea madereva wa malori.

Anasema pale ndipo masikio yake yalipofunguka. Kutoka nyuma ya kidirisha kile hakuwa akiona sura vizuri, ila alikuwa akisikia. Alijifunza kumtofautisha mlevi na mgonjwa wa sukari, maana wote wawili huongea kwa kuburuta maneno. Mara moja alimwita daktari kwa ajili ya dereva ambaye wenzake walikuwa wakimcheka kwamba amezidisha pombe. Dereva yule alikuwa hajanywa kitu.

Aliolewa na Aloyce, fundi wa mbao mwenye asili ya Makete, wakajenga Lyamkena. Baba mkwe alipofariki, mama mkwe wake, Mama Hilda, alihamia kwao kutoka upande wa Bulongwa, huko Makete. Mama huyu hakuwa na Kiswahili cha kumtosha. Anajua salamu, bei za sokoni na sala. Kwa hiyo aliyebadilika ni mkwe. Wakimenya viazi, wakichambua maharage, wakianika nguo, Mama Hilda aliongea Kikinga, lugha ya kwao, na Lukresia alijibu kwa kukosea, mpaka siku moja akawa hakosei sana.

Taasisi moja inayoendesha magari ya wagonjwa mkoani ilipofungua kituo cha simu Makambako, ilitafuta watu wenye Kiswahili safi na lugha za huku. Lukresia alikuwa na Kipangwa cha nyumbani, Kibena cha mjini na Kikinga cha jikoni. Alichukuliwa siku hiyo hiyo.

Mafunzo yalikuwa mazuri, na mpaka leo anayasifu. Alifundishwa namna ya kumwongoza mtu azuie damu, amgeuze aliyezimia, ampigepige mgongoni mtoto aliyepaliwa. Kilichomshangaza ni mkataba. Muundo wa kazi wa taasisi ulikuwa na makundi matatu. La kwanza ni watoa huduma, yaani madaktari, matabibu na wauguzi. La pili ni madereva. La tatu ni wahudumu wa ofisi, na humo ndimo walimokuwa wapokea simu, pamoja na makarani na wapokezi.

Cheo chake kikawa Karani wa Simu. Mshahara wake haufiki laki nne kwa mwezi, lakini si hapo alipoumia.

"Nilitoka mapokezi nikaingia mapokezi, sikuona aibu," anasema. "Kilichonitesa ni kwamba karani haambiwi."

Kanuni ilisema habari za mgonjwa ni za watoa huduma peke yao. Kila Jumatano daktari, wauguzi na matabibu walikutana kupitia matukio ya wiki: nani alifika salama, nani alichelewa, nani hakufika. Mlango ulifungwa. Lukresia na wenzake watano walibaki upande wa pili wa ukuta wakiendelea kupokea simu.

Akiuliza, aliambiwa kwa upole kwamba hairuhusiwi. Dereva akiulizwa alisema alimwacha mgonjwa mlangoni mwa hospitali. Kwa hiyo Lukresia alikuwa akirudi nyumbani na watu wasio na mwisho. Kuna mama aliyemwacha akihema. Kuna kijana wa bodaboda aliyemwacha akimwita dada yake. Akipita sokoni na kumwona mtu mwenye kovu, alijiuliza kama ni mmoja wao.

Aloyce anasema kulikuwa na siku mke wake alikaa mezani na chakula kikapoa mbele yake. "Nilimuuliza unafikiria nini. Akasema anafikiria mtoto wa watu, ila hajui amfikirie kama aliye hai au kama marehemu."

Mmoja tu aliamini kwamba anaujua mwisho wake: mtoto wa kijiji kimoja cha Ludewa. Baba yake, Joackim, alipiga simu akisema mtoto amemeza punje ya harage na hapumui. Lukresia alimwongoza kwa Kipangwa, mkono kwa mkono, pigo kwa pigo. Kisha akasikia kilio cha mtoto, kikali, cha mapafu yaliyojaa hewa. Laini ikakatika. Kilio kile alikitunza moyoni kama mtu anavyotunza hela ya dharura. Siku zikiwa mbaya, alikikumbuka.

Mambo yalianza kubadilika mwaka jana, katika baridi ya Julai, siku alipokuja Edward.

Edward Nyagawa ni mtathmini wa kazi. Taasisi ilikuwa imemwajiri apitie kazi zote na kusema kila moja iwekwe kundi gani. Ni mtu mtaratibu, mwenye miwani na sauti ya ualimu, na ualimu ndiyo kazi aliyoianzia. Alikuja na mwongozo wa maswali, akavuta kiti karibu na meza ya Lukresia, akamwomba asimwangalie yeye, afanye kazi kama kawaida.

Katikati ya simu na simu alimuuliza. Anainua mizigo? Hapana. Anaendesha mtambo? Hapana. Anasimamia watu? Hapana.

"Unamgusa mgonjwa?"

"Hapana," alijibu Lukresia. "Sijawahi kumgusa hata mmoja."

Edward alieleza kwamba hilo ndilo swali lenye uzito. Anayemgusa mgonjwa ni mtoa huduma. Asiyemgusa hayumo. Hakulitunga yeye, na Lukresia hakumwonea kinyongo. Alikuwa ameshaanza kukunja makaratasi yake simu ilipoita.

Mwanzoni palikuwa na pumzi tu. Kisha mwanamke mzee akasema, kwa Kikinga, "Amekatwa."

Anaitwa Yunis Sanga. Yeye na mumewe, Ezekieli, walikuwa shambani wakipasua mbao za misonobari. Msumeno wa mashine uliruka ukamchana mzee paja. Yunis alikuwa ameita mpaka sauti ikakauka, lakini majirani wote walikuwa wamekwenda mnadani. Simu ilikuwa ya mumewe. Namba ya dharura alifundishwa na wasichana wa kanisani, na hakuwahi kuipiga.

Lukresia akamuuliza yuko wapi. Akasema shambani. Shamba lipi? Akasema, letu.

Hakumkaripia. Alimuuliza asubuhi walipotoka nyumbani walipita wapi. Yunis akasema walivuka kijito, wakapita mashine ya kusaga ya marehemu mchungaji, wakapanda. Lukresia akamkabidhi Edward simu ya pili.

"Huyo ni Manase, dereva. Kila ninachokwambia kwa Kiswahili, mwambie."

Edward alishika simu kwa mikono miwili. Manase alikuwa ndiyo kwanza ametoka kumfikisha mgonjwa mwingine katika hospitali ya Bulongwa, na mashine ya marehemu mchungaji aliijua. Akageuza gari.

Yaliyofuata Edward aliyasikia bila kuyaelewa, kwa kuwa Kikinga hakijui. Aliona tu uso wa Lukresia na mikono yake, ambayo ilikuwa ikikunja hewa, ikikandamiza meza.

Lukresia alimwambia Yunis aichomeke simu ndani ya kilemba chake, sikioni, ili mikono iwe huru. Alimwambia afungue kitenge alichojifunga, akikunje, akiweke juu ya jeraha na kukandamiza kwa mikono yote miwili. Yunis akasema damu inapita. Akamwambia apige magoti, anyooshe mikono, aegemee kwa uzito wote wa mwili wake, kama anayekanda unga wa watu wa harusi.

Yunis alitaka kufunua aone kama damu imekata. Lukresia akamkataza. Akataka kukimbia barabarani kuita watu.

"Mama, ukiondoka hutamkuta," Lukresia alimwambia. "Baki."

Akabaki.

Lukresia anapolisimulia hili hutazama mikono yake mwenyewe. Mwanamke aliyekuwa upande wa pili ana zaidi ya miaka sitini, mdogo wa umbo, yuko peke yake katika msitu wenye ukungu, na mtu aliyeishi naye maisha yake yote anamtoka mikononi. Sauti asiyoijua inamwambia abaki, naye anabaki. Hakupiga kelele tena. Alikuwa akihema na kukandamiza.

"Watu husema mimi nina moyo," anasema Lukresia. "Mimi nimekaa kwenye kiti. Mtu ambaye ameshikwa na saa mbaya kuliko zote za maisha yake, halafu akasikiliza, akatii, mikono ikafanya kazi, huyo ndiye wa kushangaza. Na wapo wengi. Kila siku wapo."

Ili mikono isichoke, alimwongelesha. Alimuuliza habari za Ezekieli. Yunis akasema ni mtu mbishi, tangu ujana ni mbishi, na leo alimwambia asipasue mbao bila kijana wa kumsaidia hakusikia. Alisema akipona atamgombeza mpaka achoke. Kisha akaanza wimbo wa kanisani kwao. Lukresia, ambaye ni Mkatoliki, hakujua maneno ya Kilutheri ya Kikinga, akafuatisha sauti tu. Edward alikaa na simu sikioni, akimsikiliza dereva upande mmoja na wimbo upande mwingine.

Simu ya Yunis ikatoa mlio, kisha ukarudia. Lukresia alijua ni chaji.

Alikuwa na muda wa kusema jambo moja. "Mama, simu itazima. Ikizima mimi bado nipo na gari bado linakuja. Usitoe mikono mpaka mtu akuguse bega."

Ikazima.

Hakuvua visikilizio. Edward alimuuliza kama aijaribu ile namba tena, akatikisa kichwa. Upande wa Manase mambo yalikuwa yamekwama. Lori la viazi lilikuwa limezama kwenye tope kwenye njia nyembamba, hapapitiki. Manase na muuguzi, Anneth, waliliacha gari, wakabeba machela na begi, wakapanda kilima kwa miguu. Kisha mtandao ukapotea, na kwenye simu ya Edward nako pakawa kimya.

Lukresia hajui ni dakika ngapi zilipita. Anakumbuka treni ilipita, madirisha yakatetemeka.

Sauti ya Manase iliporudi ilikuwa ya mtu aliyekimbia. Edward aliiweka simu juu ya meza, wote wawili wakainama.

"Tumemkuta, yu hai," alisema Manase. "Ila mama hataki kutoa mikono. Tumemsemesha kwa Kiswahili, tumemsemesha kwa Kikinga, hatoi."

"Mwambie Anneth amguse bega," alisema Lukresia.

Walimsikia Manase akimpa Anneth maneno hayo. Kisha Manase akasema, kwa sauti ya chini, "Ametoa."

Damu ilikuwa imesimama. Walimfunga, wakambeba, Manase akakata simu. Taa ya simu nyingine ikawaka hapo hapo: mjamzito, upande wa stendi. Lukresia akabonyeza kitufe na kuuliza uko wapi.

Alipomaliza, Edward alikuwa bado amesimama.

"Kwa hiyo huyu mzee atapona?"

"Sijui."

"Utaambiwa lini?"

"Siambiwi, kaka. Mimi ni karani."

Edward aliketi. Anasimulia mwenyewe kwamba hapo ndipo alipovua miwani. Ule ustadi ulimstaajabisha, ndiyo, lakini alishajua duniani kuna watu wenye ustadi. Jambo lililomsumbua ni kwamba mwanamke huyu alikuwa amemshikilia mtu asife, na kesho angeamka asijue kama mtu huyo yupo. Aliutazama mwongozo wake, kwenye swali la kumgusa mgonjwa, akamuuliza Lukresia aandike nini.

"Andika lile lile," Lukresia alimjibu. "Sikumgusa. Ni kweli."

Aliliandika. Lakini mapendekezo aliyoyapeleka kwa bodi yalisema kwamba swali lenyewe halikuwatosha watu hawa, na kwamba yeye hakuwa na swali jingine bora, akaomba bodi imsikilize mhusika.

Bodi ilikutana Njombe. Lukresia alikwenda na gauni lake la Krismasi, akakaa mwisho wa meza ndefu. Alikuta watu waungwana. Mjumbe mmoja, mwanasheria, alipinga kwa hoja ya maana. Alisema siri ya mgonjwa ni kitu kitakatifu, na Makambako ni mji mdogo. Leo wakiingia wapokea simu, kesho atadai kuingia kila mtu, na habari za watu zitasikika sokoni.

Mwenyekiti alimgeukia Lukresia.

Anasema alikuwa ameandaa maneno mengi na yote yakamkimbia. Akasema alilonalo. "Mzee wangu, siri hiyo huanzia sikioni mwangu. Mume anayempiga mkewe, binti aliyekunywa sumu, mimi ndiye wa kwanza kujua. Sijawahi kutoa nje. Sitaki kujua zaidi ya ninayoyajua. Nataka kujua mwisho wake tu."

Mwanasheria aliandika kitu.

Uamuzi ulichukua wiki kadhaa. Wapokea simu walitolewa katika kundi la wahudumu wa ofisi, wakaundiwa kundi lao: Waongozaji wa Dharura. Wanaingia kwenye kikao cha Jumatano, kwa kiapo kile kile cha siri wanachoapa wauguzi. Mtu akipokea simu ya kifo, anapewa siku ya kupumzika na wa kuzungumza naye. Mshahara haujasogea, kwa kuwa viwango hupangwa na wafadhili, na hilo bado linajadiliwa. Serikalini nako kazi yao bado haina jina lake. Lukresia anasema hayo yatafuata, au hayatafuata.

Jumatano ya kwanza aliingia na daftari jipya. Daktari wa kituo, Dokta Ebeneza, alimkaribisha, akasema kwa kuwa waongozaji wana madeni ya zamani, kila mmoja ataje tukio moja alilotaka kulijua, na yeye atalitafuta.

Wenzake walidhani atauliza habari za Ezekieli. Lukresia alianza na mtoto wa Joackim. Anasema alitaka kuanza na furaha.

Dokta Ebeneza alifungua jalada, akasoma. Halafu akasogeza kiti chake karibu.

Mtoto alikuwa amefariki kabla gari halijafika. Punje ilikuwa imeshuka chini mno, pasipofikiwa na mkono wa mtu yeyote wa nyumbani. Alichoelekezwa baba kilikuwa sahihi, alikifanya sawasawa, na hata angekuwapo muuguzi pale nyumbani asingefanya zaidi.

"Nilimsikia akilia," alisema Lukresia.

Daktari akamweleza kwamba walikuwa pacha.

Lukresia aliomba kutoka. Alikwenda nyuma ya jengo, penye tangi la maji, akasimama akiwa ameshika ukuta. Anneth, yule muuguzi aliyemgusa Yunis bega, alimfuata, akasimama naye. Kilio alichokuwa akikiegemea miezi yote ile kilikuwa cha mtoto aliyesimama kando akimwangalia mwenzake.

Nyumbani alimwambia Mama Hilda peke yake. Mama mkwe alisikiliza, akaweka kisu cha viazi chini. Alimuuliza kama sasa anajuta kuomba kujua.

Lukresia alisema hapana. Alisema mtoto yule alikuwa amekaa miezi yote bila mtu wa kumlilia huku Makambako, na sasa anaye. Mama Hilda akamwambia basi waanze, na wakalia wote wawili pale jikoni, kama inavyostahili kufanywa kwa marehemu.

Jumapili iliyofuata alimwombea misa. Kwa ruhusa ya daktari alimpigia Joackim, akampa pole, akamwambia alichoambiwa: kwamba mikono yake haikukosea kitu. Joackim akasema hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo, na kwamba tangu siku ile alikuwa anaogopa kumbeba yule aliyebaki.

Jumatano ya pili Lukresia alirudi kikaoni. Ndipo alipouliza habari za Ezekieli.

Alikuwa hai. Alishonwa, akaongezewa damu, akakaa wodini hadi akachoshwa na wodi. Anatembea kwa fimbo. Muuguzi aliyeulizwa alisema mzee huyo anakumbukwa na wodi nzima kwa sababu mkewe alikuwa akimgombeza kila asubuhi.

Lukresia alicheka hadi akajifunika uso.

Tangu hapo amesikia mwisho wa simu nyingi. Anasema walio hai ni wengi kuliko alivyodhani, na waliokufa wanamfikia wakiwa na majina. Analala vizuri zaidi kuliko zamani, jambo ambalo yeye mwenyewe hawezi kulieleza. Mwaka huu amekubaliwa kuwafundisha waongozaji wapya, na amemwomba Mama Hilda aje awafundishe Kikinga mara moja kwa wiki. Mama mkwe amekubali kwa sharti kwamba waje na viazi vya kumenya, kwa sababu hajui kufundisha mikono ikiwa mitupu.

Wiki mbili zilizopita, mchana, simu iliita. Lukresia akauliza uko wapi.

"Nyumbani," ilijibu sauti ya mwanamke mzee kwa Kikinga. "Hakuna aliyeumia. Nimepiga nikusalimu."

Ilikuwa sauti ya Yunis, nayo ilikuwa shwari. Alikuwa amepiga mara kadhaa na kukutana na sauti za watu wengine, akikata kila mara, mpaka leo alipompata mwenyewe. Kwanza alitaka kujua ni mkwe wa nani, maana anaongea kama mtu aliyeolewa huko. Lukresia akamtajia ukoo. Yunis akasema aliwahi kuimba kwaya na Hilda.

Laini ya dharura si ya salamu. Taa ya pili ilikuwa imeanza kuwaka. Lukresia alimwambia kwa heshima kwamba inabidi amwachie laini, kuna mtu anaita, lakini Desemba anampeleka mama mkwe kwao Bulongwa, na atafika hadi nyumbani kwake asalimiwe vizuri.

Yunis akaridhika. Kisha akauliza, "Sasa nitakujuaje, mwanangu? Sijawahi kukuona."

"Nitaanza kwa kuongea, mama," alijibu Lukresia, na akabonyeza taa ya pili.